Koli Niliyoiita Sanduku

Mpwa wangu aliponipigia simu kuniomba nimsaidie kumtania mama yake, ilinipasa kusema hapana. Ningemwambia: mama yako yuko Bwera, mimi niko Kilembe, nikitoka asubuhi kabla ya saa sita niko kwake, vitu vyako nitampelekea mwenyewe. Hayo ndiyo yangekuwa majibu ya mtu wa umri wangu. Badala yake nilicheka, nikasema, "Afande, nimepokea amri."

Yeye ni mwanajeshi. Wakati ule alikuwa nje ya nchi mwaka wa pili, katika kikosi kilichopelekwa kulinda amani mahali ambapo amani haikuwepo. Alitaka mama yake apate zawadi, lakini hakutaka akabidhiwe tu kama mtu anayekabidhiwa kilo ya chumvi. Alitaka mchezo. Kila alipompigia mama yake simu alijifanya mkubwa wa jeshi: mama, simama imara, umekula, jibu haraka. Na mama yake, ambaye ni dada yangu, alikuwa akijibu kwamba ndiyo afande, amekula, huku akicheka mpaka anashindwa kushika simu. Basi mpwa wangu alitaka kifurushi kizito, kilichofungwa sana, chenye vifurushi vingine ndani, na juu ya kila kimoja karatasi ya amri. Mama afungue akitii amri moja baada ya nyingine mpaka afike chini kabisa akute picha ya mwanawe. Mimi nisiende, alisema, kwa sababu uso wangu haujui kuficha kitu. Niposti.

Kwetu siku hizi kuposti si lazima iwe posta. Unapeleka mzigo kwa mwenye magari pale Kasese, unaandika jina na namba ya simu, na ukifika Bwera wanamtumia mwenyewe ujumbe aje kuuchukua.

Tulizaliwa saba nyumbani kwetu, tukabaki wawili, mimi na dada yangu huyu. Ananifuata kwa miaka sita. Analima kahawa na maharage kwenye mteremko juu ya Bwera, karibu na mpaka wa Kongo, mahali ambapo gari halifiki na kila kitu kinapanda kwa kichwa. Baba alikuwa na uwezo wa kusomesha mmoja, akanichagua mimi, nikafika kidato cha nne. Dada hakwenda shule. Simu anayo, lakini ujumbe ukiingia humpa jirani yake, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa, amsomee. Mimi ananiita yaya, kama watu wa mpakani wanavyomwita kaka au dada aliyewatangulia.

Kuna jambo jingine la kusema hapa, ingawa napenda kuliruka. Mimi ndiye niliyempeleka mtoto wake jeshini. Alikuwa amemaliza shule, hana kazi, anakaa kwangu Kilembe akilala mchana. Jeshi lilipokuja kuandikisha vijana Kasese, nilimwamsha mapema, nikaenda naye uwanjani, nikasimama juani mpaka alipopimwa na kukimbizwa na kuambiwa amepita. Mama yake hakuulizwa. Alipokwisha kwenda mafunzoni ndipo nilipopanda kule juu kumwambia. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Aliniambia, "Sawa, yaya," akaendelea kuchambua. Niliichukua ile sawa kuwa ni sawa.

Lakini tangu siku hiyo alikuwa hapokei namba asiyoijua. Gari la jeshi likisimama karibu na soko la Bwera, alikuwa anafunika bidhaa zake na kupanda nyumbani hata kama hajauza kitu. Hayo yote nilikuwa nayajua.

Nilitengeneza kifurushi kwa siku tatu, na nitasema ukweli, zilikuwa siku tatu nzuri. Ujana wangu nilifanya kazi ya karani wa stoo katika mgodi wa shaba, na kazi ile ilinifundisha kufunga mzigo: kizito kikae chini, kitu kisicheze ndani, msumari uingie kwa mshazari ili kifuniko kisinyanyuke njiani. Mke wangu alisema nitie vitu kwenye gunia kama watu wengine. Nilimwambia gunia ni la maharage. Nilikuwa na mbao za mlango wa nyumba ya jirani iliyobebwa na mto Nyamwamba wakati wa mafuriko, mbao ngumu, nimezihifadhi miaka bila kujua za nini. Nikapima kwa kufuata mwavuli, maana katika vitu alivyoagiza mpwa wangu kulikuwa na mwavuli mkubwa wa fimbo ndefu, wa kwendea shambani. Kwa hiyo kikawa kirefu na chembamba. Nikapiga randa, nikapiga misumari, nikatia vishikio vya kamba pande mbili.

Mke wangu alikuja mlangoni na mwiko wa sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, mkononi, akasimama akitazama.

"Muzee, kitu hiki kinafanana na nini?"

"Kinafanana na sanduku."

"Ndiyo nasema," akajibu, akarudi kwenye sufuria yake.

Nilidhani ananisifu.

Chini kabisa niliweka picha ya kijana, niliyoisafishia Kasese, amevaa magwanda na kofia, anajizuia kucheka. Juu yake kitenge cha mikono sita, kimefungwa kwa majani makavu ya mgomba na kamba kumi na mbili, kila kamba na fundo lake, na karatasi: "Fungua bila kisu. Ni amri." Halafu bati la biskuti, ndani yake boksi la sabuni, ndani yake boksi la dawa ya meno, ndani yake kitambaa cha kichwa kilichokunjwa mpaka kikatosha pale. Karatasi: "Endelea kutafuta, usichoke." Halafu mwavuli, na buti za mpira za kupandia mlima wakati wa mvua, moja nimeijaza karanga. Mpwa wangu alitaka mzigo uwe mzito, mama asiweze kuubeba peke yake, ili watu wakusanyike na kucheka pamoja. Nikateremka mtoni, mawe yako tele tangu mafuriko, nikachukua matano makubwa, nikayafunga kwa magazeti na kuandika juu ya kila moja, "Mali ya serikali. Usiguse." Juu ya vyote, chini ya kifuniko, karatasi ya kwanza: "Mama, simama imara."

Nilicheka peke yangu barazani. Mke wangu alisema nimeanza kuzeeka kwa kurudi nyuma.

Ukabaki ujumbe. Mpwa wangu alikuwa amenitumia kwenye simu maneno ambayo mtu wa magari wa Bwera angemtumia mama yake mzigo ukifika. Alikuwa ameandika hivi: "Mama afande, koli yako iko Bwera. Kuja mbio na batu babili ba kubeba. Usilete maneno. Ni mutoto yako."

Koli ni neno la Wakongo, wamelitoa kwenye Kifaransa, na kuanzia mpakani Mpondwe mpaka soko la Bwera kila mtu akisema koli unajua ni mzigo uliotumwa. Dada yangu anasema koli. Mimi mwenyewe nikiwa kule nasema koli. Lakini nilivaa miwani, nikausoma ujumbe ule kama mwalimu, na haukunipendeza. Mwenye magari pale Kasese ni Mwislamu mzee mwenye Kiswahili kizuri, amezoea kuniita mwalimu ingawa sijawahi kufundisha, na sikutaka asome "batu babili ba kubeba" akadhani ndivyo ninavyoandika. Tena ile "Mama afande" na "usilete maneno" niliona ni utovu wa adabu kupitia simu ya mtu mwingine. Nikachukua kalamu nikasahihisha. Nikaandika kwenye karatasi safi: "Sanduku la mwanao limefika Bwera. Njoo na watu wawili wa kulibeba."

Nikaisoma mara mbili. Sanduku la, limefika, kulibeba. Nilifurahia jinsi maneno yalivyofuatana.

Sitasema sikujua. Katika Kiswahili cha shule, jeneza ni jeneza na sanduku ni sanduku. Bwera hakuna jeneza. Mtu akifa anawekwa katika sanduku, fundi anapiga sanduku, watu wanapanda mlima wamebeba sanduku. Nimezika watu kule, nimebeba kwa bega langu, na nimesema neno hilo kwa maana hiyo zaidi ya mara ninazoweza kukumbuka. Siku ile nilikuwa nimevaa miwani ya shule, na kwa miwani ile sikuona Bwera.

Haji, yule mwenye magari, aliinua upande mmoja akaushusha. "Mwalimu, umeiba shaba yote ya Kilembe?"

Nikamwambia ni zawadi ya dada yangu. Akacheka, akasema basi dada yangu ana bahati ya kuletewa mlima mwingine juu ya ule anaokaa. Nikampa karatasi ya ujumbe. Aliisoma, akanitazama kidogo, akauliza kama mwenyewe anajua kinachokuja. Nikajibu kwa fahari kwamba hajui, ndio mchezo wenyewe.  Haji akamwita mpakiaji.

Kesho yake mchana, mimi na mke wangu tukiwa tunakula, simu ililia. Alikuwa yule jirani wa dada yangu. Nyuma yake nilisikia vilio.

"Muzee, kuja. Mutoto yetu amekufa. Jeshi imeleta habari."

Sitasahau kwamba niliamini. Niliweka kijiko chini, na kitu cha kwanza nilichokiona akilini ni kijana yule uwanjani Kasese, akikimbia na namba imeandikwa kwa kalamu kwenye mkono wake, na mimi nimesimama kando nimeshika shati lake. Nilianza kulia mbele ya mke wangu. Nilipopata sauti nikauliza ni nani aliyeleta habari.

"Ni message. Bamesema sanduku la mwanao limefika Bwera, njoo na watu wawili wa kulibeba."

Aliisoma taratibu kama watu wanavyosoma Kiswahili kisicho chao. Nikasikia maneno yangu mwenyewe yakinirudia, na ule ufuatano wake.

Nikapaza sauti kwamba si hivyo, mtoto hajafa, hiyo ni koli, mimi ndiye niliyeituma. Jirani akaninyamazisha kwa upole.

"Pole, Muzee. Kila mutu anakataa kwanza. Hata yeye amekataa. Kuja tu."

Akakata. Nikapiga tena mara nyingi, simu ikalia bila kupokelewa. Nikampigia mpwa wangu, hakuwa hewani. Nikampigia Haji amzuie mtu wake wa Bwera asitoe mzigo. Akapiga, kisha akanirudia kwa sauti iliyobadilika. Mzigo ulikwisha chukuliwa. Walikuja wanaume wanne, si wawili, wamevua kofia, na kijana wa ofisi alipoona wanavyolia hakuwadai hata sahihi. Yeye naye alisaidia kuuweka mabegani mwao.

Nilifika Bwera kama saa tisa. Nilipanda ile njia haraka kuliko inavyofaa mtu wa umri wangu. Kila niliyekutana naye alisimama kando na kunipa pole, na kila mmoja nilimwambia hajafa, na kila mmoja alitikisa kichwa kwa huruma. Uani kwa dada watu walikuwa wamejaa. Moto ulikuwa umewashwa katikati, wanawake wamekaa chini, mchungaji yupo na kitabu chake. Sanduku langu lilikuwa limewekwa juu ya mabenchi mawili mbele ya mlango, na mtu alikuwa amelifunika shuka nyeupe. Nilipolitazama pale nikaona kile mke wangu alichokiona.

Dada yangu alikuwa kwenye mkeka, kitambaa kimemtoka kichwani. Aliponiona alisimama. Watu wakafungua njia wakidhani anakuja kunikumbatia.

"Umemuleta, yaya? Ulimutoa kwangu na miguu yake, hukuniuliza. Leo umenirudishia ndani ya sanduku. Ni wewe ulimuuza. Mimi nilikuwa nimenyamaza tu, lakini kila siku nilijua ni wewe."

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayetaja jambo ambalo kila mtu analijua, na uani wote ukasikia, watoto wa marehemu ndugu zetu, mchungaji, watu wanaonunua maharage kwake.

Nikasema, "Hajafa. Ni koli. Mimi ndiye nimeandika." Hakuna aliyenielewa. Nikaomba nyundo. Hakuna aliyenipa. Nikavua shuka, nikachukua panga lililokuwa karibu na kuni, nikaanza kuchokonoa kifuniko. Wanawake walipiga ukelele, mchungaji akanishika mkono akisema, "Mzee, usimfunue hapa." Nikamsukuma. Misumari yangu ya mshazari ilikataa kutoka, na kwa mara ya kwanza maishani nililaani kazi yangu mwenyewe.

Kifuniko kilipong'oka, walioko mbele waliona buti za mpira. Moja ilianguka ubavu, karanga zikamwagika. Yule jirani akaokota karatasi ya juu na kuisoma kwa sauti yake kubwa kabla hajajua anasoma nini: "Mama, simama imara."

 Kisha mzee mmoja aliyebeba sanduku kutoka barabarani akanyanyua jiwe, akasoma "Mali ya serikali," akatazama bega lake lililochubuka, akaanza kucheka mpaka akakaa chini. Wengine wakafuata, kicheko cha watu walioogopa, kimechanganyika na machozi na kumshukuru Mungu. Mtu akaniambia nimewabebesha mto mzima. Wanawake wakawa wanafungua kitenge, wanagombana juu ya kamba, wakaifikia picha, wakaipitisha mkono kwa mkono.

Dada yangu aliishika picha ile kwa muda mrefu. Hakucheka. Wala hakunitazama.

Jioni, jua likiwa bado lipo, mpwa wangu alipatikana kwenye simu. Mama yake alipoisikia sauti alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Alimuuliza kama amekula. Akamuuliza tena. Kijana alipojaribu kujifanya afande, alimwambia aache, aseme kama mtoto wake. Nilimsikia kijana akilia upande wa pili. Baada ya hapo alisamehewa. Wiki haikuisha walikuwa wanaongea kama kawaida, ila bila amri.

Jioni ile ile, watu walipotawanyika, nilikwenda kukaa karibu na dada kwenye mkeka. Nikamwambia anisamehe. Nikamweleza jinsi mtoto alivyoandika koli, na jinsi mimi nilivyosahihisha. Nikamwambia ni kiburi cha shule, na kwamba kosa si la mtoto. Alisikiliza akikusanya karanga kutoka kwenye majani, moja moja.

"Koli nimesamehe, yaya," akasema. "Mutoto iko muzima. Lakini ile nilisema mbele ya batu, haikutoka ku kilio. Nilikuwa nayo. Ningeenda nayo ku kaburi na wewe haungejua. Sasa unajua. Nitakuangalia namna gani?"

Nikamwambia alichosema ni kweli, kwamba sikumuuliza, na nilipaswa kumuuliza.

"Ndiyo," akasema. "Miaka yote hiyo nilingoja useme hivyo. Umesema leo juu ya vile nimekuaibisha." Kisha akaniambia gari la mwisho linaondoka, nisichelewe. "Usikuje tena kwanza."

Niliichukua ile kwanza kuwa ni wiki chache. Nilipiga simu, alipokea, alijibu kwa heshima, aliuliza hali ya mke wangu, akasema ana kazi. Sikukuu ilipofika nilimwambia nitapanda kumwona, akasema barabara ni mbaya. Nilituma nyama kwa mtu anayekwenda huko. Alituma shukrani kwa mtu huyo huyo. Mke wangu yeye huenda, hulala huko, hurudi na kahawa na maharage. Hanielezi mengi na mimi simuulizi.

Mpwa wangu alirudi salama, akapewa likizo, akaoa. Kwetu harusi haiendi bila mjomba. Ana kiti chake, ana mbuzi wake, na ndiye anayesimama kusema kwamba kijana huyu ametoka katika damu yetu. Nilinunua koti. Wiki moja kabla ya siku yenyewe mpwa wangu alikuja Kilembe, akakaa barazani, akanywa chai yote kabla ya kusema. Mama yake alikuwa amemchagua binamu yetu kutoka Kyondo akae kwenye kiti cha mjomba. Alikuwa amebishana naye, alisema, mpaka mama akaanza kulia, akaacha.

"Mjomba, nimeshindwa," akasema.

Nikamwambia hakushindwa yeye. Nikamwomba amtii mama yake. Siku ya harusi nilikaa nyumbani, na mke wangu akaenda.

Nilipokubali mchezo ule nilikuwa na dada mmoja, ndugu pekee aliyebaki katika saba. Bado yu hai, ana afya, analima. Umekwisha mwaka wa nne sasa tangu niingie nyumbani kwake, na ameshamwambia mwanawe kwamba siku atakapokufa, neno la ukoo juu ya kaburi lake lisisemwe na mimi. Hicho ndicho nilichokipoteza.